Uchambuzi wa kisa: timu ya Chuo Kikuu cha Chicago, kutoka ubingwa hadi kufutwa

Kisa hiki kinahusu timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Chicago. Kwa miongo mitatu ilikuwa miongoni mwa timu za vyuo zilizoogopwa sana nchini Marekani, kisha Desemba 1939 chuo chenyewe kikaifuta. Nakiandika kwa ajili ya walimu wa michezo, wakuu wa idara na viongozi wa serikali za wanafunzi, wale wanaokaa kwenye vikao vya kuamua timu ipi ipewe basi na ipi isubiri mwaka ujao. Waliotajwa kwa majina ni watu ambao kazi yao ilikuwa ya hadharani na imeandikwa sana. Vijana waliovaa jezi katika msimu wa mwisho, wazazi wao na wafadhili, nimewaacha bila majina. Wao walikuta mambo yameshaharibika, na kuwaanika hakutufundishi chochote.

Msimamo wangu nauweka mapema. Simlaumu aliyeifuta timu. Timu iliumizwa na miaka saba iliyotangulia, chuo kilipokuwa kinaipunguzia nguvu kidogo kidogo huku ratiba ya mechi ikibaki ileile ya enzi za ubingwa.

Chuo na kocha wake

Chuo kilifungua milango 1892, kwa fedha za tajiri wa mafuta John D. Rockefeller. Rais wake wa kwanza, William Rainey Harper, alikuwa msomi wa Kiebrania na lugha za kale, mtu wa vitabu hasa, lakini alielewa kwamba chuo kisicho na wahitimu wala historia kinahitaji kitu cha kuwaleta watu pamoja. Akamwita Amos Alonzo Stagg, aliyekuwa mwanafunzi wake huko Yale na mmoja wa wachezaji bora wa wakati huo.

Masharti ya ajira hiyo yanafaa kutazamwa kwa makini. Makocha wengi wa siku zile walikuwa vibarua wa msimu: unakuja Septemba, unaondoka Novemba, na ukifungwa hurudi. Stagg alipewa cheo cha uhadhiri, idara yake mwenyewe na ajira ya kudumu. Hakuna mhitimu tajiri wala mshabiki mwenye hasira aliyeweza kumng'oa kwa sababu ya mechi moja. Alikaa misimu 41.

Muungano wa vyuo tunaoujua leo kwa jina la Big Ten ulipoundwa 1896, Chicago ilikuwa mmoja wa waanzilishi. Timu ya Stagg ilitwaa ubingwa wa muungano huo mara saba: 1899, 1905, 1907, 1908, 1913, 1922 na 1924. Vikosi vya 1905 na 1913 vinahesabiwa pia kuwa mabingwa wa taifa, ingawa siku hizo hapakuwa na fainali; heshima hiyo ilitolewa baadaye na waliopitia rekodi za kila timu.

Mechi moja yatosha kuonyesha walikuwa watu wa namna gani. Tarehe 30 Novemba 1905, siku ya Shukrani, timu ya Chuo Kikuu cha Michigan ilikuja Chicago ikiwa haijafungwa katika mechi 56 mfululizo, tangu 1901. Msimu ule walikuwa wamefunga pointi 495 na hawajafungwa hata moja. Mechi ikaenda kwa mateke marefu, kila upande ukijaribu kumsukuma mwenzake nyuma. Katika kipindi cha pili mchezeshaji wa Chicago, Walter Eckersall, alipiga teke lililovuka mstari wa goli la Michigan. Mchezaji wa Michigan aliudaka mpira nyuma ya mstari na, badala ya kuuacha ufe hapo, akakimbia nao mbele. Akakamatwa na kusukumwa kurudi nyuma ya mstari wake mwenyewe. Kwa kanuni za mchezo huo, ukiangushwa na mpira nyuma ya mstari wako, wapinzani hupata pointi 2. Mechi ikaisha 2-0. Zile pointi 2 ndizo pekee Michigan walizofungwa mwaka mzima, na zilitosha kuwanyang'anya kila kitu.

Mwaka huohuo mchezo wenyewe ulikuwa mashakani. Vijana walikuwa wanakufa uwanjani, na Rais Theodore Roosevelt aliwaita wakuu wa michezo wa vyuo vikubwa Ikulu kuzungumzia ukatili wake. Mwaka uliofuata kanuni zilibadilishwa na pasi ya mbele ikaruhusiwa. Stagg alikuwemo kwenye kamati ya kanuni. Nataja hili kwa sababu mashaka kuhusu futiboli vyuoni hayakuzuka 1939. Yalikuwepo hata Chicago walipokuwa wanabeba makombe.

Mambo yalivyokwenda

Ubingwa wa 1924 ulikuwa wa mwisho. Msimu huo Chicago walitoka sare 21-21 na Illinois ya Red Grange, mchezaji aliyekuwa gumzo la nchi nzima, na wengi waliamini kwamba mzee Stagg bado ana miaka mingine kumi ya kushinda. Hakuwa nayo. Notre Dame, isiyo mbali na Chicago, ilikuwa inapanda kwa kasi. Mjini kwenyewe Chicago Bears walikuwa wameshaanza kucheza kwa malipo na kuvuta mashabiki. Na chuo chenyewe kilikuwa kinabadilika: idara za utafiti na masomo ya juu zilikua, na uzito wa wanafunzi wa shahada ya kwanza ukapungua.

Mwaka 1929 chuo kilipata rais mpya, Robert Maynard Hutchins, akiwa na miaka 30 tu. Alikuwa na imani moja isiyoyumba, kwamba chuo ni mahali pa kufikiri, na kila kisichosaidia kufikiri kijieleze kwa nini kipo. Mfumo mpya wa masomo ulioanza 1931 uliondoa ulazima wa kuhudhuria vipindi na kuweka mitihani mikubwa ya jumla. Mwanafunzi mwenye bidii aliufurahia. Mchezaji aliyezoea kubebwa na mahudhurio na alama za darasani hakuwa na pa kushika.

Mwaka 1932 Stagg alitimiza miaka 70, umri wa kustaafu kwa kanuni za chuo. Hakutaka kuondoka, lakini chuo kilishikilia kanuni. Akaenda California, College of the Pacific, akaendelea kufundisha. Nafasi yake ilichukuliwa 1933 na Clark Shaughnessy.

Shaughnessy alimkuta kijana mmoja wa ajabu. Jay Berwanger alikimbia na mpira, alipiga pasi, alipiga mateke, alikaba. Katika mechi ya 1934 dhidi ya Michigan, kijana aitwaye Gerald Ford alijaribu kumwangusha akachanika chini ya jicho. Kovu lile alibaki nalo hata alipokuwa Rais wa Marekani. Mwishoni mwa 1935 Berwanger akawa mtu wa kwanza kupewa tuzo inayoitwa leo Heisman, kubwa kuliko zote za wachezaji wa vyuo. Miezi michache baadaye akachaguliwa wa kwanza kabisa katika uteuzi wa kwanza wa ligi ya kulipwa, NFL. Hakucheza hata mechi moja ya kulipwa. Hawakuelewana bei na Bears, akaenda kufanya biashara.

Alipoondoka, kila kitu kikawa wazi. Msimu wa 1939 ndio uliofunga hesabu. Michigan walikuja katika uwanja wa Stagg mwezi Oktoba wakashinda 85-0. Kocha wao, Fritz Crisler, alikuwa mchezaji wa zamani wa Stagg mwenyewe, aliyelelewa kwenye nyasi zilezile. Harvard wakashinda 61-0, Ohio State 61-0, Virginia 47-0, Illinois 46-0.

Tarehe 21 Desemba 1939, siku chache kabla ya Krismasi, chuo kikatangaza kwamba hakitacheza tena futiboli dhidi ya vyuo vingine.

Maamuzi na sababu zake

Watu wakisimulia kisa hiki hutaja uamuzi mmoja, wa Desemba 1939. Mimi nauona kuwa wa mwisho katika mlolongo, na yaliyoutangulia ndiyo yanayofaa kusomwa.

Chicago haikutaka kuwa na shahada ya elimu ya viungo. Vyuo vingine vya muungano vilikuwa nayo, na mchezaji mwenye kipaji cha mguu kuliko cha kalamu alipata pa kusomea. Sababu ya Chicago ilikuwa ya kitaaluma na ya kweli: hawakuona kuwa ni taaluma ya chuo chao. Vilevile hawakutaka kuwalipa wachezaji, iwe waziwazi au kwa vile vibarua vya jina tu ambavyo wahitimu wa vyuo vingine waliwapangia vijana. Hapa Hutchins alikuwa na haki kabisa, na nasema hivyo bila kusita. Alisema hadharani kwamba futiboli ya vyuo imegeuka biashara ya viingilio, na alikuwa anaeleza kile ambacho kila mtu alikiona na wachache walikitamka.

Wakati huohuo, chuo kiliamua kubaki ndani ya Big Ten. Huu ulikuwa uamuzi pia, hata kama hakuna kikao kilichoupigia kura kila mwaka. Kubaki kulimaanisha kupangiwa Michigan, Ohio State na Illinois, timu zilizokuwa na kila kitu ambacho Chicago ilikuwa imekikataa. Kwa nini wakabaki? Jina la chuo lilikuwa limejengwa kwenye muungano huo. Wahitimu wa enzi za Stagg walikuwa hai na walikuwa na sauti. Kushuka kungeonekana ni kukiri kushindwa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka neno hilo kikaoni. Yeyote aliyewahi kuketi kwenye kamati ya michezo ya chuo anaijua hali hii.

Kufuta kulipokuja, Hutchins aliwaeleza wanafunzi sababu zake Januari 1940, wiki kadhaa baada ya tangazo. Kiini cha maneno yake kilikuwa kwamba chuo hakiwezi kutafuta elimu na kushindana kwenye futiboli ya aina ile kwa pamoja, na kimechagua elimu.

Matokeo

Shaughnessy alikwenda Stanford. Timu hiyo ilikuwa imeshinda mechi moja tu msimu wa 1939. Msimu wa 1940, chini yake, ilishinda mechi zote kumi, ya mwisho ikiwa Rose Bowl, mechi maarufu ya kufunga msimu, dhidi ya Nebraska, 21-13. Mpangilio wa uchezaji aliokwenda nao, unaoitwa T, aliufanyia kazi na Bears akiwa bado anaishi Chicago. Na Desemba 1940 Bears wakautumia kuwafunga Washington 73-0 katika fainali ya NFL. Ndani ya miezi kumi na minne, mtu yuleyule aliyesimama kando ya uwanja akiangalia 85-0 alikuwa kocha anayezungumzwa kuliko wote nchini.

Chuo kiliendelea na michezo mingine ndani ya Big Ten hadi 1946, kisha kikajitoa kabisa. Uwanja ulibaki bila kazi yake. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya jukwaa la magharibi, katika ukumbi uliojengwa kwa ajili ya mchezo wa raketi, Enrico Fermi na wenzake waliwasha tanuri la kwanza la nyuklia duniani kujiendesha lenyewe. Jukwaa lilibomolewa 1957, na leo mahali pale kuna maktaba kuu ya chuo. Jina la Stagg lilihamishiwa uwanja mdogo mpya jirani.

Mchezo ulirudi polepole. Wanafunzi walianza kucheza katika miaka ya sitini, kwanza kama sehemu ya mazoezi, kisha kama klabu. Mwaka 1963 wanafunzi wenzao waliketi uwanjani kuzuia mechi, kwa hofu kwamba enzi za biashara zinarudi. Mwaka 1969 timu rasmi ilirejea.

Uchambuzi

Nianze na takwimu ambazo, kwa maoni yangu, ndizo moyo wa kisa hiki. Msimu wa 1939 Chicago walicheza mechi nane. Kwa jumla walifungwa pointi 308 wakafunga 37, na hizo ndizo namba zinazorudiwa kila mahali kuonyesha ubovu wa timu. Lakini zigawe kwa wapinzani. Mechi tano dhidi ya Harvard, Michigan, Virginia, Ohio State na Illinois: 300-0. Mechi tatu dhidi ya vyuo vidogo: walifungwa na Beloit 6-0, wakawafunga Wabash 12-2 na Oberlin 25-0. Katika mechi hizo tatu Chicago walifunga pointi 37 na kufungwa 8.

Hiyo si timu mbovu. Ni timu ya wanafunzi wa kweli, inayocheza vizuri dhidi ya wanafunzi wengine wa kweli, ambayo imepelekwa mara tano kukutana na vikosi vilivyojengwa kwa namna nyingine kabisa. Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye ratiba yao wenyewe, ndani ya msimu uleule waliofutwa. Hakuna aliyelazimika kusubiri miaka thelathini kulisoma.

Ushahidi wa pili ni Shaughnessy. Timu inapofungwa vibaya, mkono wa kwanza humnyooshea kocha kidole, na vyuo vingi vingemfukuza na kudhani tatizo limeisha. Stanford 1940 inatuonyesha kwamba kufukuza kocha kusingeisaidia Chicago chochote. Ujuzi ulikuwepo, tena wa kiwango cha juu. Waliokosekana ni wachezaji, na walikosekana kwa sababu ya sera za chuo, sera ambazo nyingi zilikuwa nzuri. Mshika mawili moja humponyoka: chuo kilishika kiwango cha masomo na kilishika nafasi yake Big Ten, na waliobeba gharama ni vijana waliotumwa uwanjani Jumamosi baada ya Jumamosi.

Berwanger naye anahitaji kusomwa vizuri. Kawaida huwekwa kwenye orodha ya mafanikio, na ni mafanikio makubwa kweli. Ila kwa mtu anayeendesha idara, miaka yake mitatu ilikuwa ya hatari. Nyota mmoja aliziba nyufa zote. Magazeti yaliandika Chicago, tuzo ikaja Chicago, na swali la ratiba likaahirishwa wakati ambapo kushuka kungefanyika kwa heshima, timu ikiwa bado inasimama. Ukiwa na mchezaji kama huyo, huo ndio wakati wa kukagua benchi lako.

Uamuzi wa Harper wa kumpa kocha ajira ya kudumu ulizaa matunda kwa miaka mingi. Stagg alikuwa mkali kuhusu maadili na mtulivu kwenye kushindwa, kwa sababu hakuna aliyeweza kumtisha. Lakini ulinzi uleule ulifanya idara iwe yake peke yake. Ilipofika 1932 hapakuwa na mrithi aliyeandaliwa, na chuo kilimwondoa kwa kanuni ya umri badala ya mpango. Kocha aliyekaa misimu 41 anahitaji miaka kadhaa ya kukabidhi. Kumpa tarehe na kumfungulia mlango hakutoshi.

Namna uamuzi wa mwisho ulivyotangazwa ndipo ninapotofautiana zaidi na wanaomsifu Hutchins. Sababu zake zilikuwa safi, na kuzieleza mwenyewe mbele ya wanafunzi kulihitaji ujasiri. Lakini maelezo yalikuja baada ya tangazo. Vijana waliokuwa wamevumilia msimu ule walistahili kusikia kwanza, ana kwa ana, kutoka kwa rais wao, kabla ya magazeti. Unapofuta kitu ambacho mtu amekitolea jasho, mpangilio wa habari ni sehemu ya uamuzi wenyewe.

Kurudi kwa 1969 kulifanywa kwa busara zaidi. Wanafunzi walioketi uwanjani 1963 walikuwa wameyachukua mawazo ya Hutchins wakayafanya yao, na chuo hakikuwaburuza. Mchezo uliachwa ukue kutoka kwa wachezaji wenyewe, na wapinzani walichaguliwa kulingana na timu iliyokuwepo. Tangu 1973, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kilipogawa vyuo kwa madaraja, Chicago imecheza Divisheni ya Tatu, ambako hakuna mwanafunzi anayelipiwa masomo kwa sababu ya mchezo, na ambako mechi huchezwa dhidi ya vyuo vya aina ya Wabash na Oberlin, wale ambao Chicago iliwashinda 12-2 na 25-0.